Ikolojia ina baba wangapi? Maswali yenu kuhusu ilikotoka sayansi hii

Toleo lililopita tuligusia mnyororo wa chakula, kama aya mbili tu hivi, basi meseji zimemiminika mpaka basi. Wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba hii ikolojia, yaani sayansi ya viumbe na mazingira yao, ilianza lini, nani aliianzisha, na je ni sayansi kweli au ni maneno ya wapenda miti. Nimechagua chache na zingine nimezifupisha, mtanisamehe.

Mhariri habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kitabu kimoja kinasema baba wa ikolojia ni Haeckel, kingine kinasema Humboldt, na juzi mwanafunzi wangu kaleta kitu alichosoma mtandaoni eti ni Warming wa Denmark. Sasa nimpe nani tiki?

Mwalimu, heshima yako. Mpe tiki aliyeeleza kwa nini, aliyeandika jina tupu mkate maksi hata kama jina ndo hilohilo la kwenye kitabu chako.

Haeckel, Mjerumani, ndo aliyeleta jina lenyewe mwaka 1866. Alikuwa shabiki mkubwa wa Darwin, yule wa nadharia ya mageuko, na aliona kuna pengo, watu wanapasua viumbe na kuchunguza viungo vya ndani lakini ule uhusiano wa kiumbe na vitu vinavyomzunguka hauna mwenyewe. Akaupa jina, akaueleza vizuri tu, halafu huyoo akarudi kwenye mambo yake ya kuchunguza na kuchora yavuyavu na viumbe vidogo vya baharini. Utafiti wa ikolojia kama tunavyouelewa sisi hakuufanya. Sasa kama aliyempa mtoto jina ndo baba basi haya, ila mimi naona huyo ni somo wake tu.

Humboldt ni mtu mwingine kabisa. Huyu alitembea. Mwaka 1802 yeye na Bonpland, mtaalamu wa mimea aliyesafiri naye, walipanda mlima Chimborazo kule Ekwado, kileleni hawakufika lakini walipanda juu sana kuliko wengi wa wakati wao, na njiani wanapima kila kitu, hewa, joto, mgandamizo, na kuandika mmea gani unaonekana kwenye mwinuko gani. 1807 akatoa ule mchoro maarufu wa mlima uliokatwa ubavu, majina ya mimea yamepangwa kufuata kimo. Hapo ndo watu walianza kuona kwamba mimea haikusambaa ovyo ovyo, ina mpangilio unaofuata hali ya hewa, na mpangilio huo unapimika. Halafu miaka miwili kabla ya huo mlima, kule Venezuela kwenye ziwa Valencia, alikuta maji yanapungua akasema sababu ni misitu kufyekwa na mito kuchepushwa kumwagilia mashamba. Mwaka 1800 hiyo!

Warming naye ana haki yake. Kitabu chake cha 1895 kilikuwa cha kwanza kukaa chini na kuuliza kwa utaratibu, kwa nini mimea hii inaishi pamoja, kwa nini hapa na sio pale, maji yanafanya nini, udongo unafanya nini. Alikiandika Kidenmark, mwaka uliofuata kikatoka Kijerumani, na hapo ndo kikawafikia vijana wa Uingereza na Marekani ambao baadae walianzisha vyama na majarida ya fani hii, chama cha Uingereza 1913 na cha Marekani 1915. Ukiniuliza nani aliifanya ikolojia iwe kitu cha kufundishwa darasani, ni yeye.

Lakini kura yangu mimi nampa mtu ambaye hujamtaja kabisa, Karl Möbius, Mjerumani mtaalamu wa wanyama. Serikali ya Prussia ilikuwa inataka kujua kama chaza wanaweza kufugwa kwa wingi kwenye pwani ya Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, maana chaza walikuwa biashara nzuri. Möbius akaenda kuangalia. Jibu alilorudi nalo halikuwafurahisha wakubwa: haiwezekani. Ila sababu alizotoa ndo utamu wenyewe. Alisema ukiangalia kitanda cha chaza hauangalii chaza peke yao, kuna minyoo, kaa, konokono, kome, sponji, wote wanashindania nafasi na chakula na wanategemeana, na idadi ya kila mmoja inashikiliwa na wenzake pamoja na maji na joto la mahali pale. Ukivua chaza kupita kiasi nafasi yao haibaki wazi ikiwasubiri, wanaingia wengine, kama ilivyotokea kwenye pwani ya Ufaransa ambako vitanda vilivyomalizwa vilichukuliwa na kome na kombe wengine. Akachapisha hayo 1877. Mwangalie sasa: kuna swali la pesa, mtu ameenda kuangalia mwenyewe, na jibu halikumhusu kiumbe mmoja bali jamii nzima. Ikolojia nyingi iliyofuata imezaliwa hivyohivyo, mtu ana shida na samaki wake, ngozi zake au miti yake, anamwita mtaalamu, mtaalamu anarudi na jibu kubwa kuliko swali.

Kwani watu wa zamani hawakuyajua haya yote? Mkulima au mvuvi gani hajui nani anakula nani?

Walijua, tena sana. Theophrasto, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika mimea ya mabondeni na ya milimani inavyotofautiana zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Al-Jahiz wa Basra karne ya 9 kwenye kitabu chake cha wanyama ameeleza kabisa jinsi kila mnyama anavyowinda aliye dhaifu kuliko yeye na yeye mwenyewe akawindwa na mwenye nguvu zaidi. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, 1749 naye alieleza jinsi viumbe vyote vilivyogawiwa kazi, ila kwake ulikuwa ni mpango wa Mungu uliokamilika, hakuna cha kubadilika. Tofauti iliyokuja baadae ni kuhesabu, na kukubali kwamba hesabu ikigoma basi maelezo yako ndo yana shida, hata kama ni mazuri na babu alikuwa anayasema.

Mambo vipi, mi nasoma uvuvi mwaka wa pili. Tunalishwa hiyo milinganyo ya Lotka na Volterra mpaka tunachoka. Hao watu walikuwa wavuvi au? Na hiyo kitu inafanya kazi kweli huko majini?

Poa sana. Hakuna mvuvi hapo hata mmoja ila samaki wapo. Kuna kijana Mwitaliano, Umberto D'Ancona, alikuwa anapitia takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatiki akakutana na kitu cha ajabu. Wakati wa vita kuu ya kwanza uvuvi ulipungua sana, sasa wewe ungetegemea samaki wote waongezeke sawasawa si ndio? Kumbe walioongezeka zaidi kwa uwiano ni wale walaji, papa na jamaa zake. D'Ancona akampelekea swali Vito Volterra, mwanahisabati mkubwa, ambaye alikuja kuwa mkwe wake (na binti mwenyewe, Luisa, alikuwa mwanaikolojia, kwa hiyo nadhani stori za mezani zilikuwa ni hizo tu). 1926 Volterra akatoa milinganyo yake ya jinsi idadi ya walaji na wanaoliwa inavyopanda na kushuka, na jibu likatoka humo: uvuvi wa wastani unamuumiza mlaji kuliko anayeliwa, ukiuacha mlaji ndo anafaidi zaidi.

Wakati huohuo Marekani kulikuwa na Alfred Lotka, anafanya kazi kampuni ya bima ya maisha, na kitabu chake cha 1925 kilikuwa tayari na milinganyo hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Akamwandikia Volterra kumkumbusha nani katangulia. Ndo maana unayaona majina mawili.

Inafanya kazi majini? Hapana, sio kama ilivyo ubaoni. Gause, kijana wa Moscow, alijaribu kwenye vichupa vyake miaka ya 1930, akaweka paramesiamu, kijidudu cha seli moja, na mlaji wake pamoja. Milinganyo inasema watapanda na kushuka milele. Kilichotokea mlaji alikula wote akaisha na yeye kwa njaa, mchezo umeishia hapo. Ili wapande na kushuka ilibidi aongeze wapya kila baada ya muda, kama wahamiaji. Lakini usiidharau, maana bila hiyo milinganyo asingejua hata cha kutafuta. Na kwenye jaribio lingine la hivyohivyo, spishi mbili za paramesiamu zenye kula chakula kimoja, moja ikaifuta nyingine, na hilo limebaki kwenye vitabu mpaka leo.

Ukitaka mfano wa porini wa kupanda na kushuka, upo wa Kanada, sungura wa theluji na yule paka mwitu linksi, kila baada ya miaka kama 10 wanajaa halafu wanaporomoka. Unajua data ilitoka wapi? Kwenye madaftari ya Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya ngozi, waliandika ngozi walizonunua kwa zaidi ya karne moja. Charles Elton wa Oxford akawa mshauri wao akayachimba hayo madaftari. Huyu Elton ndo yule wa mnyororo wa chakula mliousoma toleo lililopita. Alianzia visiwa vya Spitsbergen mwaka 1921 akiwa bado mwanafunzi, huko kaskazini kabisa viumbe ni wachache mno kiasi kwamba unaweza kuchora kwenye karatasi moja nani anakula nani, na hiyo ndo ilikuwa bahati yake, angeanzia msitu wa tropiki angechanganyikiwa.

Habari mhariri. Kwenye notisi zetu tumeandika kwamba uoto unapitia hatua mpaka unafika kilele na hapo unatulia. Dada yangu yuko chuo anasema hiyo ilishakufa zamani. Nani mkweli?

Dada yako, ila na notisi zako hazidanganyi zote. Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote kwa sababu ndani yake kuna ugomvi mkubwa kuliko wote kwenye historia ya fani hii na umechukua zaidi ya nusu karne.

Anza na Henry Cowles. 1899 alichapisha utafiti wake wa vilima vya mchanga kandokando ya ziwa Michigan. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma taratibu kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo ukitoka ufukweni kuelekea bara unapita kwenye mchanga mpya mtupu, halafu majani, halafu vichaka, halafu misonobari, halafu mialoni. Akagundua kwamba kutembea ni sawa na kusafiri kwenye wakati, hatua za uoto zimepangwa mbele yako. Hiyo sehemu ya notisi zako ni kweli kabisa mpaka leo, mimea inapokezana.

Sasa akaja Frederic Clements wa Nebraska. Clements alikuwa mtu wa mpangilio mno, anatunga istilahi mpaka wenzake wanalalamika. Mwaka 1916 akasema jamii ya mimea ni kama kiumbe kimoja kikubwa, kinazaliwa, kinakua, kinakomaa, na kikikomaa kinafika kilele ambacho kimeamuliwa na hali ya hewa ya eneo. Ukikikata kitarudi kulekule. Na mkewe Edith, ambaye alikuwa na udaktari wake mwenyewe wa botania, ndo alikuwa dereva, fundi wa gari na mchoraji kwenye zile safari zao ndefu, jina lake vitabu vingi vinaliruka.

Wengi wakamkubali Clements. Mmoja akakataa, Henry Gleason. Yeye alisema jamani hakuna kiumbe kikubwa hapo, kila spishi inaota pale inapoweza kufika na kuvumilia, zikikutana mahali pamoja ni kwa sababu mahitaji yao yanafanana kidogo na mbegu zilifika, basi. Aliandika hivyo 1917, akarudia 1926. Wakampuuza vibaya sana. Baadae akaachana na huo mjadala akajikita kwenye kuainisha mimea.

Mwaka 1935 Arthur Tansley wa Uingereza akaingia na makala kali. Yeye alikuwa anamheshimu Clements ila alichoshwa na wafuasi wake waliokuwa wanaifanya hiyo "kiumbe kikubwa" iwe karibu dini, hasa John Phillips wa Afrika Kusini. Tansley akasema tuache hizo habari, tuangalie mfumo, viumbe pamoja na udongo, maji, hewa, vyote kwa pamoja, kama wanafizikia wanavyoangalia mifumo yao. Ndo mfumo-ikolojia ukaingia kwenye maandishi. Jina lenyewe alipewa na kijana Arthur Clapham alipomuomba amtafutie jina zuri, watu huwa hawasemi hilo. (Tansley huyuhuyu aliwahi kwenda Vienna kukaa na Freud kuchunguzwa nafsi, sijui ilimsaidiaje kwenye mimea lakini ni mtu wa kusisimua.)

Na Gleason? Miaka ya 1950 Robert Whittaker alichapisha utafiti wake wa milima ya Great Smoky ya Marekani, alikopanda na kushuka akihesabu miti kwenye kila mwinuko. Kama Clements angekuwa sahihi, spishi zingeanza pamoja na kuishia pamoja, na mstari wa kutenganisha jamii moja na nyingine ungeonekana. Hakukuta hivyo, kila spishi ilipanda na kushuka kivyake, zinapishana tu. Halafu akaja Margaret Davis na chavua, ule unga wa maua. Chavua za miti huanguka ziwani zikazikwa kwenye tope tabaka juu ya tabaka, ukichimba unasoma miti iliyokuwepo maelfu ya miaka nyuma. Ikaonekana kwamba barafu ilipoyeyuka Amerika Kaskazini miti ilirudi kaskazini kila mmoja kwa njia yake na kasi yake, misitu ambayo leo tunaiona kama familia moja imekutana juzijuzi tu kwa hesabu za dunia. Sasa niambie kilele kiko wapi hapo, wakati hata hali ya hewa yenyewe haijawahi kutulia.

Kwenye mtihani andika hatua za kupokezana, kilele kiite nadharia ya Clements iliyopingwa, utapata maksi zako zote.

Ile sheria ya asilimia 10 ya nishati nani aliigundua? Jibu fupi tafadhali.

Raymond Lindeman ndo anayetajwa, ila hakuigundua kama sheria, kwamba kila ngazi ya ulaji inapata asilimia 10 ya nishati ya ngazi iliyo chini yake. Alipima kiziwa kidogo cha Minnesota kinaitwa Cedar Bog Lake, na namba zake ni kwamba walaji wa mimea walichukua asilimia 13.3 ya nishati ya ngazi ya chini yao, na wanaowala hao wakachukua asilimia 22.3. Hiyo 10 ni ya kukadiria tu, vitabu viliirahisisha.

Najua umesema fupi lakini siwezi kuacha hili. Makala yake ilikataliwa na wapitiaji wawili, wataalamu wakubwa wa maziwa, wakasema ina nadharia nyingi kuliko data. Mwalimu wake wa Yale, Hutchinson, akamwandikia mhariri kumtetea, mhariri akakubali. Ikatoka Oktoba 1942. Lindeman alikuwa ameshafariki Juni mwaka huohuo kwa ugonjwa wa ini, ana miaka 26. Hakuiona kwenye jarida, na leo hakuna kozi ya ikolojia isiyomtaja.

Mi naona ikolojia ni siasa tu za watu wa mazingira waliovishwa koti la maabara. Yule mama wa DDT, ile dawa ya kuua wadudu, ndo aliianzisha yote. Nipinge kama unaweza.

Nakupinga, tena kwa furaha. Rachel Carson alitoa Silent Spring mwaka 1962, na umeona hapo juu tumeshapita karibu miaka 100 ya utafiti kabla yake. Carson mwenyewe alikuwa mwanabiolojia wa bahari aliyefanya kazi serikalini kwa miaka, alichofanya ni kuchukua yaliyokuwa yameshachapishwa na wataalamu akayaandika watu wakayaelewa. Na hoja yake ya msingi ni ileile ya Elton: ukipiga sumu isiyooza, inapanda na mnyororo wa chakula na kujikusanya kwa yule wa juu. 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe akapima maganda ya mayai ya ndege wawindaji kwenye makusanyo ya zamani na mapya, akakuta yamekuwa membamba kuanzia pale dawa hizo zilipoanza kutumika. Marekani wakapiga marufuku matumizi mengi ya DDT 1972. Uamuzi ndio siasa, lakini unene wa ganda la yai unapimwa kwa kipimo, hauna chama.

Halafu hujui majaribio yao. Robert Paine kuanzia 1963 alikuwa anaenda kwenye miamba ya pwani ya jimbo la Washington maji yakipwa, anang'oa viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, na kuvitupa baharini, upande mmoja anatoa na upande wa pili anaacha. Kiti cha pweza ndo mlaji mkuu pale. Watu wangesema ukimtoa mlaji waliobaki watastarehe na kuongezeka. Kumbe kome wakatanuka wakabana nafasi yote, spishi 15 zikabaki 8. Mlaji mmoja ndo alikuwa anawashikia wengine nafasi! Wenzake Simberloff na Wilson wakafunika visiwa vidogo vya mikoko kule Florida kwa maturubai wakafukiza sumu wadudu wote wakafa, halafu wakakaa kuhesabu wanavyorudi. Ndani ya kama mwaka hivi idadi ya spishi ilirudi karibu na ya mwanzo, ila spishi zenyewe nyingi hazikuwa zilezile. Na kule New Hampshire, kwenye msitu wa Hubbard Brook, Bormann na Likens walikata miti ya bonde zima kwa makusudi ili wapime maji ya kijito yatabadilikaje, naitreti, ambayo ni kirutubisho cha mimea, ikamwagika kwenye kijito kwa wingi mno. Vipimo vyao vya mvua kwenye msitu huohuo ndo vilionyesha mvua ya Amerika Kaskazini ina asidi. Hakuna aliyewatuma kutafuta asidi.

Mwanasiasa gani anatumia miaka mizima kutupa viti vya pweza baharini, bwana.

Shikamoo. Nataka kusomea hii fani lakini hesabu sipatani nazo. Kuna njia?

Marahaba mwanangu. Ipo, ila ni nyembamba. Möbius na Cowles walifika mbali kwa macho na miguu, lakini tangu Volterra mlango wa hesabu haujafungwa tena, na mmoja wa waliobadilisha kabisa fani hii miaka ya 1960, Robert MacArthur, alitokea kwenye hisabati kabla hajahamia kwenye kuchunguza ndege wa porini. Calculus unaweza ukasukumana nayo ukapita. Takwimu ndo usikimbie, anza sasa hivi, na wakati unaendelea nazo jifunze kutambua mimea na wadudu wa pale ulipo kwa majina yao ya kisayansi, hiyo kazi siku hizi vijana wengi hawaiwezi na maabara zinawatafuta wanaoiweza.